Mashimo ya Mombasa, na yaliyotendeka juani

Muulize mtu yeyote aliyekulia Mombasa, atakuambia kuna njia ya chini kwa chini inayotoka Fort Jesus. Inakotokea ndiko hadithi zinakoachana. Wa Kizingo atasema inatokea kwenye mapango ya Mama Ngina, pale chini ya mwamba ambapo watu huenda jioni kula mihogo na kunywa madafu. Wa Kibokoni atasema inatokea Bandari ya Kale. Nimemsikia kijana wa bodaboda akiapa kwamba inapita chini ya bahari mpaka Likoni, na waliokuwa wakisubiri feri wakatikisa vichwa kukubali. Wote wanapatana kwenye jambo moja: ati ilichimbwa kwa ajili ya watumwa. Waliingizwa ngomeni, wakapitishwa gizani, wakatokezwa majahazini bila hata jua kuwaona.

Mimi na marafiki zangu wanne tumekuwa tukiitafuta njia hiyo kila Desemba tangu 2013, mwaka tuliomaliza Fomu Foo. Tarehe 27, Krismasi ikishapita na pilau iliyobaki ishapashwa mara mbili, tunakutana Ngomeni saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Safari hiyo tunaiita kushuka. Haina sheria nyingi. Vaa viatu vya kufunga, beba tochi na maji, omba ruhusa kwa mwenye mahali, na usiingie peke yako shimo usilolijua. Siku hizi kundi lina mwalimu, wakili, mhandisi wa maji, na rafiki yetu wa Kisauni anayeuza vipuri vya pikipiki na ambaye huchelewa kila mwaka bila kukosa. Mimi ndiye mwenye daftari.

Tumeshuka kila mahali tuliporuhusiwa kushuka. Njia ya watumwa hatujaiona. Kila mwaka nikirudi nyumbani husoma kidogo kuhusu shimo tulilolitoka, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba hadithi hiyo, hata inavyosimuliwa kwa huruma, inatuficha kitu. Inatufanya tuamini kwamba ubaya wa mji huu ulitendeka chini.

Tuanze na neno lenyewe. Leo tukisema handaki tunawaza njia ya chini kwa chini, kama ile ya reli ya SGR kule Ngong. Lakini neno hilo lilitufikia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni mtaro mpana unaochimbwa kuizunguka ngome ili adui asiufikie ukuta. Kwa hivyo handaki la kwanza la Fort Jesus liko wazi kabisa. Ni ule mtaro uliochongwa kwenye mwamba upande wa mji, ambao watalii hupita karibu nao wakitafuta handaki lingine.

Ngome yenyewe Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuimaliza 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na hilo ni muhimu kwa kila shimo la Mombasa. Tumbawe huchongeka. Si jepesi kama udongo, lakini mtu mwenye sururu na muda anaweza kulitoboa, na likishatobolewa husimama lenyewe bila nguzo. Ndani ya ngome, upande wa bahari, kuna njia iliyochongwa namna hiyo hiyo. Inaitwa Njia ya Matao, nayo inashuka kutoka ndani hadi nje ukingoni mwa maji. Si ndefu. Mwaka wa kwanza tuliingia na tochi tano na moyo wa kupigana na popo, na kabla ya kuzoea giza tukaanza kuona mwanga wa upande wa pili.

Kazi yake haina fumbo. Mashua zilifika chini ya ukuta, zikashusha chakula, baruti na watu, bila kulazimika kupita mjini. Wareno walikuwa na sababu ya kuogopa kupita mjini. Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye walimlea Goa wakambatiza jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni na kuitwaa ngome nzima. Adui yao hakuwa lazima atoke baharini. Angeweza kuwa jirani. Ukijenga nyumba katikati ya watu wasiokutaka, unahakikisha ina mlango wa nyuma.

Mlango huo wa nyuma ulikuja kuwa suala la uhai na kifo miaka 65 baadaye. Machi 1696 meli za Imam wa Oman, Saif bin Sultan, ziliingia Mombasa na kuizingira ngome. Ndani kulikuwa na Wareno wasiofika 100, pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao. Mzingiro ule ulidumu miezi 33. Hebu fikiria: mtoto aliyezaliwa siku ulipoanza angekuwa anakimbia na kuongea ulipokwisha. Maomani walikishika kisiwa. Bahari peke yake ndiyo iliyobaki wazi, tena kwa kubahatisha. Msaada ulikuja mara chache, na uliposhuka ulishuka pamoja na maradhi. Mwaka 1697 tauni iliua watu wengi kuliko mizinga.

Hapa ndipo mwalimu wetu hutusimamisha kila Desemba, iwe tumechoka au la, kwa sababu sehemu hii haimo kwenye hadithi za mtaani. Mwishoni mwa Agosti 1697 kapteni wa Kireno alifariki. Aliyeishika ngome baada yake alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mswahili wa visiwa vya Lamu. Alikuwa na watu wa ukoo wake 17, wanaume Waafrika wanane, na wanawake Waafrika 50. Kwa wiki kadhaa hao ndio waliokuwa Fort Jesus. Ngome maarufu kuliko zote pwani yetu, tunayoisoma shuleni kama ngome ya Wareno, ililindwa na watu wasiofika 80 ambao hakuna Mreno aliyewaongoza, na karibu theluthi mbili yao walikuwa wanawake. Wa ukoo wa Daud tunaujua ukoo wao. Wale wanawake wameandikwa kama idadi tu.

Meli zilifika Septemba, vita vikaendelea. Oktoba mwaka huo manowari ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome, na imelala hapo hadi leo. Vitu vyake vilipandishwa na wapiga mbizi mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadhi viko makumbushoni. Ngome yenyewe ilianguka tarehe 13 Desemba 1698. Waliokuwa hai ndani walihesabika kwa vidole. Msaada mwingine kutoka Goa ulifika siku chache baadaye, ukakuta bendera ya Oman juu ya ukuta, ukageuza.

Nikiwa kwenye Njia ya Matao sasa siwazi minyororo. Nawaza wale wanawake 50 usiku, wakisikiliza kama kuna kasia linalogusa maji. Wao hawakuhitaji njia ya kuelekea mahali pa mbali. Walihitaji hatua chache tu za kufika mahali ambapo gunia la mchele lingeweza kushushwa.

Na walihitaji maji. Katika ngome kuna kisima chenye kina cha futi 76, na maji yake ni ya chumvi, hayafai ila kuoshea. Ya kunywa yalikuwa ya mvua, yakikusanywa kwenye birika. Mhandisi wetu anapenda kisima hiki kuliko kitu kingine chochote Mombasa. Hutueleza mambo yale yale kila mwaka, akichora kwa kijiti mchangani. Kisiwa hiki, anasema, ni kama sifongo. Mvua ikinyesha, maji yanapenya kwenye matumbawe yanateremka mpaka yanakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hivyo hayachanganyiki mara moja, yanaelea juu yake. Ukichimba kiasi, unapata maji baridi. Ukiwa na tamaa ukazidisha kina, unayapita na kuingia baharini. Na hata kisima kizuri, mkichota kupita kiasi, chumvi hupanda.

"Sasa mwambie mwenye nyumba wangu," wakili humjibu kila mwaka, na sisi hucheka kila mwaka, kwa sababu sote tumepanga. Ukipanga nyumba Mombasa utaambiwa kwa fahari kwamba kisima kipo. Ukifungua bomba unaonja chumvi. Hayo ni ya kuogea na kusafishia choo. Ya chai na ya kunywa utamngoja jamaa wa mkokoteni na mitungi yake ya lita 20. Bomba la chemchemi za Mzima lililetwa miaka ya 1950, na bado kuna mitaa ambayo mfereji wake hukaa kavu kwa siku. Mpango wa maji wa Fort Jesus, ya chumvi ya kuoshea na ya kunywa ya kutafuta, ndio mpango wa nyumba nyingi za mji huu mpaka sasa.

Kutoka ngomeni tunafuata barabara ya Mji wa Kale, tunapita maduka ya vinyago na nyumba zenye roshani za mbao, mpaka ilipo nyumba ya Leven karibu na bandari. Chini yake kuna ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, na sehemu yake ni njia ya chini kwa chini inayotoka ukingoni mwa maji. Hapa ndipo wageni huonyeshwa "njia ya watumwa" mara nyingi, maana panafanana na hadithi: giza, ngazi zenye ukungu, sauti ya bahari. Lakini ukifika chini unakuta kisima. Maji yake ni baridi, hatua chache tu kutoka kwa mawimbi. Mhandisi wetu hushindwa kuficha furaha. Ndilo somo lake la mchangani, limesimama mbele yetu kwa mawe. Mabaharia walifunga mashua, wakapanda, wakachota. Njia ile ilikuwa ya watu wenye mapipa.

Jina lenyewe lina kisa. Leven ilikuwa manowari ya Kiingereza, kapteni wake William Owen. Alifika Mombasa mapema mwaka 1824, wakati ukoo wa Mazrui uliotawala hapa ukiogopa kwamba Seyyid Said wa Oman angewavamia. Wakamwomba bendera ya Uingereza. Owen akakubali, na moja ya masharti yake ilikuwa biashara ya watumwa ikome Mombasa. Alimwacha kijana wake, luteni Reitz, awe msimamizi. Reitz alikufa kwa homa miezi michache tu baadaye, na ndiye Port Reitz inabeba jina lake. Serikali ya London haikuupenda mpango huo, ukavunjwa mwaka 1826. Kwa hivyo ngazi zinazoitwa za watumwa zina jina la meli ambayo kapteni wake alitaka biashara hiyo ikomeshwe, akashindwa. Sisemi hivi kumtukuza Owen. Nasema kwa sababu sharti lake linatuonyesha jambo: mwaka 1824 biashara ya watumwa ilikuwa kitu cha kuandikwa kwenye mkataba, mezani, mchana. Haikuwa siri ya mtu.

Kituo cha tatu ni Mama Ngina. Wenyeji bado tunapaita Lighthouse, hata baada ya kutengenezwa upya mwaka 2019 na kuwekewa vijia na mageti. Mapango yaliyo chini ya mwamba pale yana hadithi kuliko yote, na yana mchimbaji anayejulikana kuliko wote. Simama penye mawe maji yakiwa yametoka, utamwona kazini. Bahari huula mwamba kwa chini, usawa wa mawimbi, mpaka sehemu ya juu inabaki imening'inia kama dari. Palipo na ufa, inaingia ndani zaidi. Ndivyo pango la pwani linavyozaliwa. Kutoka pale hadi ngomeni ni zaidi ya kilomita moja ya mwamba unaopitisha maji. Mhandisi akiulizwa kuhusu njia ya chini kwa chini ya umbali huo, hujibu kwa swali: "Na maji mngeyatoa na nini?"

Desemba moja tulitoka nje ya mji kabisa, tukaenda Shimoni, kule Kwale karibu na mpaka wa Tanzania. Pale jina lenyewe ni shimo. Wanakijiji wanayatunza mapango hayo na kukueleza kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja vyombo vya kwenda Unguja. Wapo pia wanaosimulia kwamba watu walijificha humo kuwakimbia wavamizi. Nilikaa ndani muda mrefu. Mapango ni makubwa na baridi, na mizizi ya miti inashuka kutoka juu kutafuta maji. Nilitoka nikiwaza kwamba shimo moja linaweza kuwa jela kwa mtu mmoja na maficho kwa mwingine, na kwamba ukuta hausemi ulikuwa upi.

Tuliporudi Mombasa usiku ule, tukiwa tumekaa mahali pa viazi karai, ndipo mzozo wetu mkubwa ulipoanza. Wakili alisema tuache kuwasumbua watu na ukweli wa kila ngazi. Mgeni kutoka Nairobi, alisema, anakuja siku tatu, anataka ufuo na picha. Akiambiwa "hii ni njia ya watumwa" angalau anasimama dakika moja na kunyamaza. Dakika hiyo ni afadhali kuliko hakuna. Kama hadithi si sahihi kuhusu shimo, ni sahihi kuhusu historia.

Nilidhani mwalimu ndiye angejibu. Akajibu yule wa Kisauni, ambaye kwa kawaida hukaa kimya akila.

"Nyanya wa nyanya yangu alikuwa mtumwa," alisema. "Hakufichwa shimoni. Alilimishwa. Watu walipita njiani wakamwona, wakamsalimu mwenye shamba, wakaendelea na safari zao."

Hakuna aliyekuwa na la kusema. Tumekua naye, tumelala kwao, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo. Nyumbani kwao, alitueleza, ni kitu kilichosemwa kwa sauti ya chini, si kwa sababu ni siri bali kwa sababu majirani wengine ni wajukuu wa waliomiliki. Mnakutana harusini.

Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma nikiwa na sentensi yake kichwani, na kila ninachokipata kinaiunga mkono. Biashara ya watumwa katika pwani hii ilikuwa halali chini ya masultani. Mtumwa aliyepakiwa chomboni alitozwa ushuru, kama pembe na kama karafuu. Hakuna anayechimba kilomita ya mwamba ili kuficha bidhaa aliyoilipia kodi. Na si wote waliosafirishwa mbali. Wengi walibaki hapa hapa. Malindi, iliyokuwa magofu, ilifufuliwa kuanzia miaka ya 1860 na wenye mashamba waliotumia maelfu ya watumwa kulima mtama na ufuta wa kupeleka Uarabuni. Takaungu vilevile. Ukiwa Malindi leo na sahani ya samaki mbele yako, ulipokaa kulikuwa shamba, na aliyelima alikuwa juani kutwa nzima, mbele za watu.

Kujificha kulikuja baadaye, sheria ilipogeuka. Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa baharini na kufunga masoko. Hapo ndipo wafanyabiashara walipohitaji giza. Kule Mangapwani, kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, kuna chumba kilichochongwa kwenye matumbawe chini ya ardhi ambacho kinahusishwa na biashara ya magendo ya miaka hiyo. Lakini tazama kilipo: mbali na mji, ufuoni, mahali ambapo konsuli wa Uingereza hapiti. Mashimo ya magendo hayako chini ya barabara kuu. Na utumwa wenyewe, ule wa mashambani na majumbani, haukuguswa na mkataba ule. Katika pwani ya Kenya hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Yaani Mombasa ilikuwa na reli, posta na benki kabla ya mtu kuacha kummiliki mtu mwenzake kihalali.

Hata waliotoroka hawakupita chini. Walipita porini. Waliitwa watoro, nao walijenga vijiji vyao bara ya Takaungu na Malindi, kama Fuladoyo. Wengine walikwenda misheni ya Rabai, ambako William Jones, mwenyewe aliyekuwa mtumwa utotoni kisha akasomeshwa India, aliwapokea. Wenye watumwa wakaja juu, wakidai mali yao. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyokuja kutawala pwani ikaona vita vinanukia, ikaamua kuwalipa. Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Fidia ilikwenda kwa waliowamiliki. Waliofanyishwa kazi walipata karatasi.

Na ng'ambo ya maji kutoka Mji wa Kale, upande wa Kisauni, kulikuwa na Frere Town. Wamisheni wa Kianglikana walinunua ardhi ile baada ya mkataba wa 1873 ili kuwapokea watu waliotolewa kwenye majahazi na manowari za Kiingereza. Watu hao walitoka mbali: Wayao, Wanyasa, Wamakua, na wengine waliokwisha kukaa India miaka mingi. Walisimamisha kengele juu ya nguzo. Ililia kuwaonya kwamba wavamizi wa watumwa wanakuja, watu wakimbie. Nguzo hiyo bado ipo njia panda, kati ya hoteli za Nyali na mitaa ya Kisauni, na mahali pale panaitwa Kengeleni. Matatu mia hupita hapo kwa siku. Kondakta anapiga mlango, anapaza sauti, "Kengeleni! Wa Kengeleni!" na watu wanashuka na mizigo yao.

Nimeishi na jina hilo tangu utotoni na nilidhani ni jina tu, kama stendi nyingine yoyote. Ni kengele ya hatari. Ilitundikwa juu, mahali pa wazi, ili isikike mbali, kwa sababu hatari yenyewe ilikuja kwa miguu, barabarani.

Naelewa kwa nini tunalipenda shimo. Shimo linafariji. Ukisema ubaya ulifanyika gizani, umesema pia kwamba waliokuwa juu hawakujua, na kama hawakujua basi hawana lawama, na sisi wajukuu wao, wa upande huu na wa ule, tunaweza kuendelea kula pilau pamoja bila kuulizana. Ni hadithi ya kutunza ujirani. Siidharau. Lakini anayelipa gharama yake ni yule aliyekaa kimya mezani, ambaye nyanya wa nyanya yake alionekana na kila mtu na hakuna aliyesimama.

Tena tumeizoea namna hiyo ya kutazama. Mombasa hii leo kuna binti wa miaka 14 anayefua na kulea watoto wa watu, na wageni wanapokewa na yeye sebuleni, wanakunywa juisi aliyoikamua. Kuna vijana wanaopakizwa ndege kwenda Ghuba na pasipoti zao zinashikwa na mwingine. Hayo hayako chini ya ardhi pia. Tukisubiri kupata njia ya siri ndipo tuamini, tutapita mbele yake kila siku.

Bado tunashuka kila tarehe 27. Wakili hajashindwa hoja, anasema anaahirisha. Lakini ratiba ya daftari langu imebadilika. Asubuhi ni ngome, kisha Leven, kisha Lighthouse, na mchana tunapanda matatu ya kwenda Kisauni. Yule rafiki yetu hutungoja njia panda, na hapo ndipo mahali pekee ambapo hajawahi kuchelewa. Ukiwa Mombasa Desemba hii, fanya hivyo hivyo. Ngomeni lipa kiingilio, muulize mwongozi akuonyeshe Njia ya Matao, kisha muulize kuhusu Bwana Daud na wanawake 50. Leven beba tochi, na ukifika chini tazama kisima. Ukifika Kengeleni, tochi iweke mfukoni. Simama kando ya nguzo ile, jihadhari na bodaboda, na utazame barabara iendako pande zote mbili.